Mama Kimetoka Wapi na Buluu ya Mdogo Wake

Walimwita Mama Kimetoka Wapi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko gauni lolote alilowahi kushona. Muuza vitambaa hajamaliza hata kufungua jora mezani, yeye keshauliza: "Kimetoka wapi hiki?" Pamba kaichuma nani? Aliyeifuma alilipwa, au alipigwa chenga? Wauzaji wengine wakimwona anakata kona walijifanya wanapanga vifungo. Hata chai ukimkaribisha, lazima uulizwe habari za majani. Kiherehere alikuwa nacho, hilo halina ubishi, lakini ni kiherehere ambacho kingeuzwa dukani tungekinunua kwa foleni.

Karakana yake ilikuwa juu ya duka la viatu, cherehani zimepangwa kufuata dirisha, na kila nguo iliyotoka pale ilishonewa kipande kidogo cha kitambaa chini ya kola. Hapo, kwa uzi, waliandikwa wote walioishika nguo ile: mkulima wa mlimani, mfumaji Kipara, fundi Mwembamba. Kwenye rangi aliandika siku zote maneno yale yale: mdogo wangu. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyemtilia vitambaa rangi, kule nyuma ya soko, na buluu yake haikuwa na mfano.

Kipande hicho ndicho kilichomvutia mnunuzi wa duka moja kubwa la ng'ambo. Aliagiza magauni ya buluu mengi kuliko karakana ilivyowahi kushona. Mafundi walikuwa wamekaa bila kazi muda mrefu, wawili wao wakiwa wameshaanza kuaga. Sasa cherehani zikalia tangu asubuhi, na Mama akashinda kwenye simu akimhimiza mdogo wake: haraka, kitambaa, haraka.

Siku moja mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Aliingia dobi wa bondeni, mwanamke aliyefua mashuka ya nyumba za wageni, na bila salamu akabwaga shuka bichi juu ya meza ya kukatia.

"Mji mzima unajua wewe ni bingwa wa kuuliza," alisema. "Haya, hii buluu imetoka wapi?"

Shuka lilikuwa jeupe zamani. Sasa lilikuwa na mabaka, na Mama hakuhitaji kuambiwa. Alitazama shuka, akatazama gauni lililokuwa kwenye cherehani ya pili.

"Kijito chote kiko hivyo," dobi aliendelea. "Wateja wamenirudishia mashuka. Nifue wapi mimi?"

Mama alilichukua shuka lile, akashuka ngazi bila hata kuvua tepu ya kupimia shingoni.

Mdogo wake alikuwa akisuuza kitambaa. "Dada! Mbona umekuja mwenyewe? Kitakuwa tayari kesho."

"Maji yako yanakwenda wapi?"

Akacheka, akidhani ni utani ule ule. Kisha akaliona shuka, na kicheko kikamkauka.

"Tangi la kutuliza maji ya rangi limepasuka," alisema. "Yanaingia mtaroni mpaka kijitoni. Kulijenga upya lazima nisimamishe kazi, na wewe kila ukipiga simu ni haraka, haraka."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza, dada. Mbona unamuuliza kila mtu?"

Hilo lilimchoma. Miaka yote hiyo alikuwa akiwahoji wageni mpaka jasho liwatoke, na hapa hakuwahi kukanyaga na swali, kwa sababu ni mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, machozi yakimlenga.

"Magauni yaliyobaki ni nusu tu," mdogo wake alisema kwa sauti ya chini. "Tumalizie, kisha nitalijenga. Kwenye kile kipande chako hakuna mahali pa maji. Nani atajua?"

Na kweli, hakuna ambaye angejua. Mama alipiga moyo konde, akatoa simu palepale, mdogo wake akisikia, akampigia mnunuzi. Alimwambia magauni yatachelewa, kwa sababu rangi yao imechafua maji ya watu, na kwamba aliyekosa kuuliza ni yeye. Mnunuzi alimshukuru kwa adabu. Baada ya siku chache alijibu kwamba watachukua nusu, nusu nyingine wamempa mtu mwingine. Wale mafundi wawili wakaaga kweli. Mama aliwasindikiza hadi chini, akarudi akashona mashuka mapya ya wateja wa dobi, huku akilia waziwazi.

Asubuhi yake alikwenda kubeba zege kwa mdogo wake. Mdogo mtu alimjibu ndiyo na hapana tu, amemnunia, lakini ndoo nzito aliziwahi kabla dada yake hajazishika.

Tangi lilipokamilika, mdogo wake akatia rangi jora la kwanza. Wote wawili wakateremka bondeni. Dobi alikuwa akiwasubiri na shuka jeupe. Alilitumbukiza kijitoni, akalifikicha, akalikamua, akalitandaza juani. Mdogo mtu akashindwa kuvumilia.

"Mama dobi, limetokaje?"

"Njoo uone mwenyewe."

Aliinama akaligeuza, upande huu, upande ule. Lilikuwa jeupe kabisa. Akageuka akapenga kamasi kwa nguvu, na dada yake akajifanya anatazama mlimani.

Siku hizi, chini ya kola za Mama, baada ya "mdogo wangu," kuna mstari mpya: maji, dobi wa bondeni. Na mdogo wake akipanda ngazi na jora begani, hangoji kuulizwa.

"Shikamoo, dada," anasema kabla hajalitua. "Nimetoka kwa dobi."