Tisa Nukta Nne ya Mkurugenzi

Katika ofisi ya kumbukumbu palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, mwanamke wa makamo, wakimwita Mama Nyaya kwa sababu mkoba wake haukukosa vipande vya waya na koleo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akibebeshwa lawama za kila kitu chenye plagi.

Mwaka huo mkurugenzi alimpa shemeji yake kazi ya kutandaza nyaya mpya za mtandao ghorofani. Shemeji alikuwa fundi mapazia. "Kama mapazia anayaweza, nyaya zitamshinda nini?" alisema mkurugenzi. Tangu hapo, ukifungua faili moja huko juu, unaweza kwenda msalani ukarudi, ukalikuta bado linajifikiria.

"Tatizo ni mashine zako, mama," mkurugenzi akamwambia. "Nyaya ni mpya kabisa."

Mama Nyaya akamwambia atapima kwanza. Akaingia chumba cha chini cha seva, kompyuta kuu ya ofisi inayoendeshwa na mfumo wa Linux, akaandika mstari mmoja wa kusakinisha iperf3, programu ndogo inayopima kasi ya mtandao kati ya kompyuta mbili. Akaiacha seva ikisubiri kujibu. Akaiweka programu ileile kwenye kompyuta yake ya mkononi, nayo ya Linux, akajaribu hapo hapo chini: megabiti mia tisa arobaini kwa sekunde. Safi. Akapanda juu.

Alimkuta mkurugenzi na wageni watatu wa makao makuu.

"Umekuja wakati wake! Hebu pima mbele yao."

"Bosi, ningeanza kwanza mwenyewe..."

"Pima, mama!"

Akachomeka kompyuta yake kwenye soketi ya mtandao ukutani, akapima. Mistari ikashuka mmoja mmoja kwa sekunde kumi, kisha jibu likatulia: 9.4.

"Tisa nukta nne!" Mkurugenzi aliruka kitini. "Mmeona? Imebaki kidogo tu tupate kumi!"

Wageni wawili wakapiga makofi. Shemeji, aliyekuwa mlangoni na futikamba shingoni, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuazima.

Mama Nyaya alikuwa tayari kukunja kompyuta yake na kujiondokea. Lakini mgeni wa tatu, mama mwenye miwani, hakupiga makofi. "Na kule chini ni ngapi?"

"Mia tisa arobaini."

"Juu ya kumi?" mkurugenzi akaropoka.

"Si maksi, bosi. Ni kasi. Huku kwako mtandao unatambaa. Chini unakimbia mara mia."

Mmoja wa waliopiga makofi akaficha mikono mfukoni.

"Fungua hiyo soketi," akasema mama wa miwani.

Ndani, nyaya ndogo nane zilitakiwa kubanwa kila moja mahali pake. Shemeji alikuwa amebana nne, tena ovyo, nyingine kazikata.

"Zilikuwa zinajazana," akajitetea. "Nikaona nizipunguze, ikae vizuri."

Mama Nyaya akabana upya ncha zote mbili, akapima tena: mia tisa thelathini na nane. Soketi nyingine ishirini na sita zilimchukua siku tatu, na muda wote huo mkurugenzi alipita kwenye korido akitazama dari.

Ripoti ya mwaka ilipotoka, iliandikwa kwamba mkurugenzi ameongeza kasi ya mtandao mara mia. Mama Nyaya alilitafuta jina lake ukurasa hadi ukurasa, asilione. La shemeji aliliona upesi, chini ya "wataalamu washauri".

Alicheka hadi akashika ukuta.