Jina Ambalo Mashine ya Bohari Haikulijua

Kampire alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi. Aliporudi Rwanda na kupata kazi Gisenyi, watu walimcheka kidogo kwa Kinyarwanda chake chenye lafudhi ya ugenini, lakini Kiswahili chake na uchapaji wake vilimpa heshima. Mwaka 1998 alikuwa karani wa shirika dogo lililopeleka unga na maharage kwa watu waliokimbia mashamba yao kule Cyanzarwe. Siku zile waasi walikuwa wakijipenyeza kutoka Kongo na kuvizia magari. Kila aliyehusika na malori aliogopa, na kila aliyeogopa alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Ofisi ilikuwa na kompyuta mbili: moja mezani kwa Kampire, nyingine bohari, ng'ambo ya ua, na waya ulipita juu ya bati kuziunganisha. Orodha za safari za malori ziliwekwa kwenye ile ya bohari. Kampire alizifungua akiwa mezani kwake.

Asubuhi moja alibonyeza kama kawaida, na badala ya safari kikatokea kidirisha ambacho hakuwahi kukiona. Kilidai neno la siri. Juu yake paliandikwa jina la mashine ya bohari, kisha herufi IPC na alama ya dola. Akaandika neno lake la kila siku. Likakataliwa. Akaandika tena, polepole. Likakataliwa.

Wakati huohuo akaingia Rutayisire, mkuu wa usalama wa shirika, mtu aliyekuwa mwanajeshi tangu enzi za ukimbizini Uganda. Malori yalikuwa yamewashwa nje. Akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"IPC ni nini?"

"Sijui, afande."

"Ni chama? Ni kundi?" Akagusa alama ya dola kwa kidole. "Na hii? Nani hapa analipwa dola afunge safari zetu?"

Kampire akasogeza kiti nyuma.

"Mashine hii ilitumiwa na nani mara ya mwisho?"

"Narcisse," akasema, kabla hajafikiri.

Narcisse alikuwa mtunza bohari, mtu wa ziwani aliyeacha mitumbwi baada ya kuumia bega. Jana yake alikuwa ameomba kuchapa, kwenye mashine ya Kampire, barua ya kumwomba padri abatize mtoto wake. Sasa, kwa amri ya Rutayisire, askari wawili wa langoni wakamtoa bohari wakiwa wamemshika mikono.

"Mi sijafanya kitu!" alilia. "Niliandika tu barua ya mutoto! Mama Kampire, waambie!"

Kampire hakutoka mezani kwake. Katika mji ule, mwaka ule, si kila aliyechukuliwa alirudi. Akalisikia gari likiondoka kuelekea kambi ya jeshi.

"Mashine hizi zitapelekwa Kigali leo," Rutayisire alisema. "Malori yasitoke."

"Afande, nipe muda kidogo. Nakuomba."

Rutayisire alimtazama, akatazama saa, akaketi mlangoni kwenye kiti.

Kampire hakugusa tena vibonye. Akatoka kwanza, akavuka ua hadi bohari, akafungua faili la safari kwenye mashine yenyewe. Likafunguka bila kuuliza kitu. Lori kwa lori, siku kwa siku, hakuna kilichoguswa. Kwa hiyo hakuna aliyefunga chochote. Mashine ya bohari ilikuwa inamkataa yeye tu. Lakini kwa nini, iwapo ilikuwa ikimkubali kila siku?

Akarudi mezani, akaizima kompyuta yake, akaiwasha upya. Kikatokea kidirisha cha kwanza kabisa, kile cha kuandika jina, ambacho kila asubuhi hukipita bila kukisoma. Jina lililokuwa pale halikuwa la ofisi. Lilikuwa *narcisse*.

Ndipo akakumbuka. Jana umeme ulikatika barua ikiwa katikati. Uliporudi, mashine ilimwuliza Narcisse jina, naye, mtu mkweli, akaandika lake. Kompyuta ile ilimpokea yeyote. Ya bohari haikuwa hivyo: ilijua jina moja tu, la ofisi, na jina geni lilipobisha hodi, ilidai neno la siri chini ya alama zake yenyewe, IPC na dola.

Kampire akafuta, akaandika jina la ofisi. Safari zikafunguka.

"Umelijuaje hilo neno la siri?" Rutayisire akauliza, na swali lile likamtisha kuliko yote yaliyotangulia. Sasa zamu ya kushukiwa ilikuwa yake.

Kampire akaiwasha mashine upya, akasimama, akamwachia kiti. "Andika jina lako mwenyewe, afande. Kisha fungua safari."

Rutayisire akaandika kwa kidole kimoja. Akabonyeza. Kidirisha kikatokea: bohari, IPC, dola.

"Basi na wewe, afande," Kampire alisema, "umo katika kundi hilo?"

 Kampire alijua amevuka mpaka. Alimwona Rutayisire akisoma tena zile herufi, midomo ikisogea. Kisha akainuka, akachukua kofia yake, akaenda kupiga simu kambini.

Narcisse alirudishwa jioni, bila viatu, mdomo umevimba. Mkewe Thacienne, aliyeacha dagaa zake za sambaza sokoni na kushinda langoni, alimshika mkono, wakaenda nyumbani.

Siku iliyofuata Kampire alimfuata bohari. "Nisamehe. Nilitaja jina lako kwa hofu. Nimejifunza namna ya kulisajili hapa, mashine ikujue, isikukatae tena."

Narcisse alitikisa kichwa. "Hapana, mama. We uko mutu muzuri, lakini jina yangu usiiweke mahali popote."

Kabla mwaka haujaisha aliacha kazi, akarudi kwenye mitumbwi na bega lake bovu. Kampire alibaki. Kila kidirisha kilipotokea kudai neno la siri, aliondoa mikono kwenye vibonye na kungoja moyo utulie, ndipo asome kilichoandikwa.