Nati ya Gurudumu la Nyuma

Wiki iliyopita fundi mmoja hapa Mbeya alimaliza kubadilisha tairi la nyuma la pikipiki ya mume wangu, nikamwomba akaze nati tena. Akakaza. Nikamwomba mara ya tatu. "Mama, nikiongeza nitaikata," akasema huku anacheka. Sikuweza kumweleza kwamba tangu utotoni siiamini nati ya gurudumu la nyuma. Acha nikueleze wewe.

Tulikaa Mufindi, milimani juu ya Nyololo, ambako mwezi wa sita nyasi za alfajiri huvunjika chini ya miguu kwa baridi. Nyumba ilinuka moshi na viazi vya kuchoma. Baba alibeba viazi kwa baiskeli, gunia zima, hadi barabara kuu. Baiskeli yenyewe ilikuwa kuukuu. Kile kifaa kinachoziacha pedali zitulie wakati gurudumu linazunguka kilikuwa kimekufa, na fundi, kwa kukosa kingine, akakichomelea. Tangu hapo gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, upende usipende. Breki hazikuwapo. Baba alishuka mlima akiizuia kwa miguu yake.

"Shemeji, yaani hata mteremkoni unapiga pedali?" jirani alimtania.

"Inanifundisha kazi," baba akajibu. "Yako imezoea kulala."

Mama hakucheka. Alijua kwamba gurudumu likisogea kidogo tu, mnyororo unalegea na kutoka, na ukitoka hakuna cha kumzuia baba mpaka bondeni.

Kukaza ilikuwa kazi yangu. Baba alinifundisha: vuta gurudumu nyuma, liwe katikati ya uma wa fremu, kaza nati ya kulia kidogo, ya kushoto kidogo, rudi kulia, mnyororo ubonyee kidogo tu kwa kidole. Kila asubuhi aliuliza kama nimekaza. Aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Asubuhi moja nilipolegeza nati ili nivute mnyororo, washa ya kushoto, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati, ikadondoka kwenye nyasi. Nilipapasa, sikuiona. Niliogopa kusema. Nikakata kiduara kwenye mpira wa tyubu, nikakiweka mahali pake. Kwa baridi ile mpira ulikuwa mgumu kama kwato. Nilikaza mpaka spana ikagoma.

"Umekaza, mama?"

"Nimekaza, baba."

Akaondoka.

Saa sita, jua limewaka, nilikuwa uani napukuchua mahindi. Kipande cha mpira kilichobaki kilikuwa karibu yangu. Nilikishika. Kilikuwa laini kama sikio la mbuzi.

"Unaumwa?" mama akauliza.

Nikasema hapana. Nikaendelea kupukuchua huku nikisikiliza njia. Kila mbwa aliyebweka nilidhani ni watu wanamleta.

Alirudi jua likizama, akisukuma baiskeli, suruali imechanika, damu imemkaukia gotini, viazi vimebaki bondeni. Mnyororo ulitoka kwenye mteremko, akajitupa kwenye ukingo wa barabara. "Nati ililegea," alimwambia mama. Hakunitazama. Ule mpira lazima aliuona, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekaza upya kule njiani.

Nililala nikingoja aniulize ili nikiri. Hakuuliza. Baada ya wiki mbili, alipoweza kupanda tena, alinipa spana pamoja na washa aliyoikata kwenye kipande cha bati. "Kaza, mama," akasema, akaenda kufunga gunia. Nikakaza hadi vidole vikafa ganzi. Hakuja kukagua.

Tangu ajali ile alitembea akivuta mguu. Tulimzika mwaka huu, mvua zilipokatika. Njia ile sasa ni ya pikipiki, baiskeli za mizigo zimekwisha, na nyumba yetu ina kufuli. Kanisani walisimulia uvumilivu wake, jinsi alivyolima na mguu mbovu bila kulalamika. Nilipopewa nafasi nikasema alikuwa baba mwema, nikaketi.

Kila mwaka nilipanda basi kwenda kumsalimia, na njia nzima kutoka Mbeya nilipanga maneno ya kumwambia kwamba mguu ule niliuharibu mimi. Nikifika, alinivutia kigoda karibu na moto. Tukaongea habari za mvua.