Mume wangu alinyoosha mkono kikao kikiwa kimeshafungwa

Naomba ukurasa huu usitaje jina langu. Nina miaka thelathini na sita, ni mama wa mapacha, ndiyo maana huku wananiita Mama Kulwa. Mwaka huu nimefiwa na mume. Tulikuwa tukifanya kazi mgodi mmoja mdogo wa dhahabu, mbele kidogo ya Masumbwe. Mimi nilipikia wachimbaji, yeye alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke.

Meneja wa pale ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tumbo moja. Alipopewa umeneja alikuta kikao cha asubuhi kinaanza na salamu, kinaingia kwenye mpira, kinaishia kwenye ugomvi wa koleo, na jua limeshapanda. Alikinyoosha. Watu wakawa wanasimama badala ya kukaa, kila msimamizi anataja kazi ya siku, basi. Kipengele cha mengineyo akakifuta. "Mwenye neno la ziada anifuate ofisini," alisema. Kazi ilikwenda, siwezi kusema uongo. Hata mimi nilifurahi, uji ulikuwa haupoi tena.

Lakini mume wangu alilelewa kama wazee wa kwetu: neno zito haliwekwi mbele, unasubiri wengine wamalize. Katika vikao vya zamani aliongea kwenye mengineyo tu, na akiongea watu walinyamaza. Kumfuata mdogo wake ofisini, asimame mlangoni kungoja kuitwa, hilo hakuliweza.

Asubuhi ile alikunywa uji amesimama. "Matimba ya chini yanalia," aliniambia. "Leo nitasema."

Nilikuwa naosha vikombe karibu na kikao, nikasikia yote. Wasimamizi walipomaliza, akanyoosha mkono.

"Kaka, tumeshafunga," shemeji akasema, kwa heshima kabisa. "Nifuate ofisini."

Mchimbaji mmoja akatania, "Baba Kulwa, mengineyo yalishafukuzwa kazi." Wakacheka. Mume wangu naye akacheka kidogo, akaja kurudisha kikombe.

"Umesema?" nikamuuliza.

"Ngoja nikayatazame mwenyewe kwanza."

Akashuka na magogo yake kabla wenzake hawajashuka. Walimtoa jioni, amefunikwa turubai.

Msibani shemeji aliwaambia ndugu, "Kaka hakuniambia kitu." Ni kweli, hakumwambia. Lakini mama mkwe alilishika neno hilo, na hadi leo anawaambia wanaokuja kumpa pole kwamba kilichomuua mwanawe ni ukimya wake mwenyewe, maana fundi gani asione hatari. Anasema hivyo watoto wangu wakiwa pale pale. Wiki iliyopita Doto aliniuliza, "Mama, kwa nini baba hakusema?" Nikamwambia akalete maji.

Sasa kikao cha mgodini kinaanza na swali: nani ameona hatari? Nimeambiwa kuna shimo lilifungwa kwa sababu ya swali hilo, watu wakasalimika. Shemeji anataka nirudi jikoni. Mama mkwe naye amekuja kunibembeleza.

"Rudi, mayu, mama yangu," aliniambia. "Huyu aliyebaki hali, halali. Na huyu akinitoka nitabaki na nani?"

Jumamosi ukoo unakaa kulizungumza, na mwenyekiti ni shemeji. Jana alinipigia simu kunieleza kwamba ajenda ni moja tu, mimi kurudi kazini.

Nikamuuliza, "Mengineyo yatakuwepo?"

Akasema, "Shemeji, mama atakuwepo."

Nyinyi mnaosoma, wengine mmefiwa na wengine mna wakwe, naombeni ushauri wenu kabla ya Jumamosi. Ninyooshe mkono mbele ya mama yule, au niwaache wanangu wakue wakijua baba yao hakusema?