Chai ya Pande Mbili

Mama Chai hakuwa na mchezo na chai. Maji kwanza, yakichemka yafuate maziwa, maziwa yakipanda ndipo majani, na sukari mwisho kabisa, moto ukishazimwa. Ndivyo alivyofanya kazi katika jiko dogo nyuma ya ukumbi wa mikutano wa mji, mtoto mgongoni, wifi yake ubavuni. Yeye hupika, wifi hutia sukari, huku soga zikiendelea, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.

Ila wiki ile mawifi hao walikuwa hawasemezani.

Kisa ni simu. Mume wa Mama Chai, dereva wa lori, alikuwa amekwama ng'ambo ya mto. Alivuka daraja na shehena ya vitunguu mkewe akiwa na mimba changa. Nyuma yake nchi mbili kubwa za jirani zikaanza kupigana, kila moja ikadai barabara inayotoka darajani ni yake, na daraja likafungwa. Mtoto akazaliwa, akajifunza kukaa, akaota jino, na baba hajamtia machoni. Mtandao nao ulikuwa wa kubahatisha. Siku moja simu ikaita Mama Chai akiwa bafuni, wifi akaidaka.

"Kaka! Mtoto kaota jino! La chini, kaka! Ukimpa kidole umekwisha!"

Akalisimulia jino lile mpaka laini ikakatika. Mama Chai alitoka mbio na povu masikioni, akaambulia mlio mtupu.

"Habari ya jino ilikuwa yangu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi ndiye niliyekesha nalo."

"Kwani kaka ni wako peke yako?"

Basi. Tangu hapo, ndani ya nyumba moja na jiko moja, ni kupishana kama watu wasiojuana.

Ndipo zile nchi mbili zilipokubali kukutana, zikauchagua mji huo kwa kuwa haukuwa wa upande wowote. Jambo la kwanza mezani lilikuwa daraja. Mama Chai aliposikia hivyo, roho yake yote ilihamia ukumbini. Wakielewana, mume wake anarudi. Wakiondoka kwa hasira, mtoto ataota meno yote baba akiwa ng'ambo.

Siku ya mkutano akaja jikoni afisa itifaki, kijana mwembamba aliyepima kila kitu kwa rula, hata umbali wa viti na meza. Walimwita Rula, na hakujua.

"Mama, chai ipikwe sufuria mbili. Mkipika moja, upande utakaomiminiwa mwisho utasema umepewa mabaki. Mabirika mawili yaingie pamoja, yamimine pamoja."

"Na kumeza wameze pamoja?" wifi akauliza.

"Ikibidi," akajibu Rula, bila kutabasamu hata kidogo.

Akawapanga uani na mabirika matupu wafanye mazoezi. "Kulia! Kushoto! Wewe shangazi wa mtoto, usimtangulie mwenzako!" Wakaenda sambamba kama askari, kila mmoja kaangalia upande wake.

Saa ya chai ikakaribia. Sufuria mbili zilikuwa zimeshaiva, moja karibu na dirisha, moja karibu na mlango. Sukari ilikuwa robo kopo tu, na huenda ndiyo iliyobaki mji mzima, maana sukari yote ilikuwa ikipita darajani. Mama Chai, kwa kuwa hakutaka kumwomba wifi, akatia nusu yake kwenye sufuria ya dirishani, akatoka kumnyonyesha mtoto, akisema moyoni ya mlangoni atakuja kuitia. Wifi akaingia. Naye hakutaka kuuliza. Akaona sukari bado ipo, akadhani kazi yake inamngoja, akaanza na sufuria ya dirishani, na kopo likaishia hapo hapo. Mama Chai aliporudi akakuta kopo tupu. Akadhani wifi kaimalizia ya mlangoni. Akafyonza, akamimina.

Wakaingia sambamba. Wakamimina sambamba. Rula akashusha pumzi.

Upande mmoja aliketi Jenerali mwenye masharubu mazito. Akapiga funda, uso ukamkunjika. Akatupa jicho ng'ambo ya meza, akamwona mama balozi wa upande wa pili naye kakunja mdomo, akadhani anachekwa.

"Kumbe hata kwenye chai tunabaguliwa? Hii haina hata chembe ya sukari!"

"Mnalalamika nyinyi?" mama balozi akajibu. "Sisi tumepewa shira! Nani kawaambia tunataka kuugua?"

Jenerali akaanza kukusanya karatasi zake. Rula akapauka kama aliyepakwa jivu. Mama Chai akarudi jikoni mbio, wifi nyuma yake.

"Wifi."

"Abee."

Lilikuwa neno la kwanza baina yao wiki nzima.

"Ulitia sufuria ipi?"

"Ya dirishani."

"Na mimi ya dirishani!"

Wakatazamana. Wifi akajiziba mdomo, kicheko kikamponyoka. Mama Chai akalia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Lete ile sufuria kubwa. Tuchanganye zote."

"Sufuria moja?" Rula alikuwa mlangoni, mikono kichwani. "Pande mbili zinywe sufuria moja? Hiyo haiwezekani!"

"Baba, sukari hakuna. Nenda wewe ukawaambie chai imekwisha."

Rula akawashikia mlango.

Mama Chai akasimama mbele ya meza, mtoto mgongoni, birika mkononi. "Waheshimiwa, mtusamehe. Hakuna aliyebaguliwa. Mimi na wifi yangu tumenuniana, hatukuulizana, sukari yote ikaingia upande mmoja. Nyingine hakuna, ilikuwa inakuja kwa daraja. Basi tumechanganya."

Jenerali akaacha karatasi. "Mmenuniana kwa lipi?"

"Jino, mheshimiwa," wifi akasema.

"Jino?"

Ikabidi wasimulie, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Mama balozi alicheka mpaka akavua miwani.

"Na huyo baba mtu yuko wapi?" Jenerali akauliza.

"Ng'ambo ya daraja, mheshimiwa. Yeye na vitunguu vyake."

Jenerali akasogeza kikombe chake. "Mimina."

Isidhaniwe vita viliisha kwa chai. Waligombana hadi jioni, na juu ya barabara ile hawakuafikiana. Ila jambo moja lilipita: askari wa pande zote warudi nyuma, daraja lifunguliwe, waliokwama wavuke.

Lori lilivuka likikohoa, vitunguu vimeota majani mabichi mpaka vinachungulia nje ya turubai. Wifi akabaki nyuma, akamsukuma mwenziwe begani. "Nenda, wifi. Mimi nitamsalimia baadaye."

"Baadaye ya nini?" Mama Chai akamkamata mkono, wakakimbia wote.

Dereva akashuka, kakonda, ndevu zimefika kifuani. Akamtazama mtoto, akashindwa kumgusa.

"Anafanana nami?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kanyoe kwanza tukuone," mkewe akasema, akamwekea mtoto mikononi.

Mtoto akamkodolea macho, akazishika zile ndevu kwa mikono miwili, akavuta. Hakuziachia mpaka wanafika nyumbani.