Ng'ombe Aliyeibwa Ukutani

Alikuwa anaitwa Mkono Dhahabu. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana watu walichelewa kumpa. Lakini tusemane ukweli, mtaa mzima aliuandika yeye: saluni, duka la dawa, gereji, mpaka mshale wa kuonyesha choo cha sokoni. Rula kwake ilikuwa kitu cha watoto wa shule. Alichukua uzi, akaupaka chaki, akauvuta ukutani na kuuachia, tap, mstari ukanyooka kuliko njia ya kwenda mbinguni.

Basi siku moja bwana wa bucha akamwita. Mkono Dhahabu akabeba makopo yake, moyoni anasema leo kumbe kuna watu bado wana akili. Kwenye ukuta wa bucha hiyo alikuwa amechora ng'ombe mwekundu, mkubwa, mbavu zimejaa, ng'ombe ambaye ukimtazama unamsikia anapumua. Alijua ameitwa kumwongezea rangi.

"Fundi, nipakie chokaa hapo," bwana wa bucha akasema, huku ananoa kisu. "Mfute."

"Nimfute nani?"

"Huyo ng'ombe. Naweka bango la plastiki, la kuprinti. Shemeji yako analileta kesho."

Mkono Dhahabu alimwangalia yule mtu kwanza chini, halafu juu, halafu tena chini, kama anatafuta pa kuanzia.

"Mfute mwenyewe," akamwambia. "Kwa ulimi."

Akaondoka na makopo yake yanagongana. Hasira zilimpeleka moja kwa moja kwa shemeji yake, yaani mume wa mdogo wake wa kike. Huyu shemeji jana tu alikuwa anauza vocha za simu chini ya mwavuli. Leo ana chumba, ana feni, ana mashine inayonguruma na kutema plastiki, na amejifunza kuongea taratibu kama mtu mwenye ofisi.

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Sikai. Umenichukulia bucha."

"Shemeji, sijakuchukulia kitu. Dunia imebadilika. Watu wanataka vitu vya haraka. Ila wewe ni wa nyumbani, siwezi kukuacha. Njoo hapa kwangu, utakuwa unanipandia ngazi, unafunga mabango."

"Mimi nipande ngazi nifunge takataka zako?"

"Si unapanda tangu zamani?"

Dada mtu, aliyekuwa anakata kingo za bango kwa mkasi, akainamisha kichwa asionekane anacheka. Kaka yake alimwona. Akatoka bila kuaga mtu.

Nyumbani mkewe hakumbembeleza, hakuwa mwanamke wa hivyo. "Brashi zimekauka," akamwambia. "Hakuna anayekuja kuandikiwa. Mwezi huu ukiisha hivi hivi, hiyo ngazi ya shemeji yako utaipanda, upende usipende."

"Bora nife."

"Ukifa nani atatulisha? Panda ngazi kwanza."

Hilo lilimuuma kuliko tusi. Siku chache baadaye simu zikaanza.

"Halo, nyinyi ndio mnatengeneza yale mabango?"

"Mabango kamuulize baba yako," akakata.

Ikaita nyingine. "Samahani, bango la bucha mnafanyaje?"

"Tunalivaa," akakata.

Aliyepiga baada ya hapo alitukanwa mpaka akaomba radhi. Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele, akaweka ungo chini, akamnyang'anya simu, akampigia tena yule mtu kwa sauti ya asali. "Samahani ndugu yangu, mzee wangu anaumwa jino. Hii namba umeitoa wapi?"

"Kwenye bango la bucha, mama. Pale chini ya kwato."

Walifunga mlango wakaenda buchani wote wawili. Bango lilikuwa limeshatundikwa, linang'aa. Na aliyekuwa juu ya bango alikuwa ng'ombe yuleyule wa Mkono Dhahabu. Shemeji alimpiga picha ukutani kwa simu, akaona hajai kwenye plastiki, akamvuta kwa mapana mpaka akawa kama mjusi mwenye pembe. Sasa, waandishi wa ukutani wana desturi yao: kazi ikiisha, unaacha jina na namba ya simu pembeni, vidogo. Shemeji, ambaye hajawahi kushika brashi, hilo hakuwa analijua hata kidogo. Alipomkuza ng'ombe, na namba ikakua naye. Na mjusi huyohuyo shemeji alikuwa amewauzia wenye mabucha wote, huku sokoni na kule ng'ambo ya barabara.

Mke wa Mkono Dhahabu alicheka mpaka akashika ukuta. Mumewe hakucheka.

"Watu wanadhani huyu mjusi nimemchora mimi," alisema. "Jina langu. Chini ya mjusi."

"Hao ni wateja, baba. Unawatukana wateja."

Tangu hapo alipokea simu, ameuma meno. Ndiyo, mabango tunafanya. Ndiyo, utapata. Alipokwisha kuahidi watu wa kutosha, akarudi kwa shemeji yake. Mashine ilikuwa kimya na mwenyewe anajipepea kwa kipande cha plastiki.

"Biashara imelala, shemeji," yule akasema. "Hata sielewi."

"Mimi naelewa. Wateja wako wote wananipigia mimi. Umeiba ng'ombe, ukaiba na namba yangu, mwizi gani wewe?"

Shemeji akaacha kujipepea.

"Mashine yako, picha zangu, mapato nusu kwa nusu," Mkono Dhahabu akaendelea. "Na mijusi wako wote unawashusha. Unaprinti upya, kwa plastiki yako."

"Wote? Shemeji, utaniua."

"Mume wangu, washushe," dada mtu akasema, bila kuinua macho kwenye mkasi wake. "Wale mijusi hata mimi wananitia aibu."

Mkono Dhahabu hakungoja akubaliwe. Alitandaza karatasi kubwa sakafuni, akapiga uzi wake wa chaki, akapiga magoti na kuanza mgongo wa ng'ombe mpya. Hakumpa shemeji mkono wala uso haukulainika. Shemeji alisogea taratibu, simu mkononi, akainama kutazama.

"Toka hapo," Mkono Dhahabu akasema. "Unanizibia mwanga."