Siku Fundi Nakuja Alipoketi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimjua kama Fundi Nakuja, kwa sababu hilo ndilo neno alilopokelea simu. Bomba likipasuka, choo kikiziba, tangi likifurika, kabla mtu hajamaliza kueleza shida yake, yeye alishasema, "Nakuja." Na kweli alikuja, spana mfuko wa nyuma, suruali imelowa hadi magotini. Mkewe alimtania kwamba siku ya mwisho parapanda italia, naye ataitika nakuja, kisha apitie kwanza kwa mama mwenye nyumba kuangalia koki.

Kaka yake mkubwa alipofariki, mzigo uliongezeka. Mjane na watoto wakamtazama yeye. Mashangazi wakamtazama yeye. Hata kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa, watu walimvuta shati wakati wa sadaka wamnong'oneze habari za sinki.

Mazishi yenyewe hakupenda kuyazungumzia. Asubuhi ile tangi la nyumba ya msiba lilipasuka, uani kumejaa waombolezaji na hakuna tone la maji. Akavua koti, akajipenyeza chini ya tangi. Alipotoka, ametapakaa matope, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

"Bila wewe tungeaibika, mwanangu," shangazi alimwambia.

Akaitikia, akaenda kunawa. Hakulia. Wakati wa kulia ulikuwa umempita akiwa chini ya tangi.

Miezi ikasonga. Akawa mtu wa kuamka amechoka kuliko alivyolala. Sala ya asubuhi aliisali akifunga kamba za viatu, amina akaisemea barabarani.

Alasiri moja mchungaji akamwita. Ukuta wa kanisa, upande wa nyuma, ulikuwa unatoa unyevu. Fundi akachimbua, akalipata bomba lililopasuka, akakata kipande kibovu na kuunga kipya kwa gundi. Akaanza kukusanya vyombo vyake.

"Umemaliza?" mchungaji akauliza. Alikuwa mtu mpole, mwenye umri wa kumzaa.

"Bado, baba. Gundi ikauke kwanza ndipo nifungulie maji. Ngoja nikimbie mara moja kwa mama mwenye nyumba, nitarudi."

"Si ukae tu?"

Simu ikalia. Fundi akaitoa mfukoni, na mchungaji akaitazama ile simu kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Mwanangu, Bwana Yesu mwenyewe watu walimtafuta huku na huku, wengine wagonjwa, naye akawaacha akaenda mahali pa faragha kuomba. Wewe una haraka kumshinda?"

Fundi akacheka, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Yeye ni Mwana wa Mungu, baba. Mimi nikikaa, nani ataziba?"

"Kabla hujazaliwa nani alikuwa anaziba?"

Mchungaji hakungoja jibu. Alitoka akaurudisha mlango taratibu.

Fundi akaizima simu, akaketi. Kanisa lilikuwa tupu, linanukia nta ya sakafu. Alijaribu kusali, maneno yakamkataa. Macho yake yakaenda kwenye benchi la pembeni, karibu na dirisha, ambapo kaka yake alikuwa akikaa kila Jumapili na kuimba besi iliyopotea njia, bila haya hata kidogo, mpaka watoto wa mbele wakageuka kumtazama. Pale mahali palikuwa wazi. Aliligundua hilo leo, ingawa alikuwa amepita hapo mara nyingi na kapu la sadaka.

"Bwana," alisema kwa sauti, "sikumzika kaka yangu." Halafu akasema, "Nimechoka."

Akalia kama mtoto, uso viganjani. Hakusikia sauti, wala hakuona nuru. Lakini baadaye alimwambia mkewe kwamba alijua hakuwa peke yake pale kwenye benchi, na kwamba Yule aliyekuwa naye hakumtaka aende popote wala amtengenezee chochote. Hilo ndilo lililomliza zaidi. Alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kupendwa akiwa amekaa tu.

Mkewe alisikiliza, kisha akasema, "Kesho nenda kwa shemeji."

Akaenda. Mjane alipomwona mlangoni, akasogea ampishe. "Afadhali umekuja, shemeji. Bomba la jikoni ndilo hilo."

"Nitaliangalia baadaye. Nipeleke kaburini kwanza."

Mjane akachukua mtandio wake. Walikaa chini kwenye nyasi, karibu na msalaba wa mbao, naye akamsimulia yote aliyoyakosa: nani aliomba, wimbo gani uliimbwa, jinsi mtoto mkubwa alivyokataa kutupa udongo mpaka mchungaji alipomshika mkono. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Kisha wakaomba pamoja, sala fupi, ya kumrudishia Mungu mtu wake.

Siku hizi bado anaziba mabomba, na bado anachoka, maana maji hayana huruma. Ila mara moja kwa wiki, alasiri, anaingia kanisani na simu imezimwa. Mama mwenye nyumba anasema fundi ameota mapembe. Mdogo wake, aliyempigia alasiri moja kama hiyo akamkosa, alimjia juu: "Vipi, kaka, umeokoka mara ya pili?"

"Mara ya kwanza nilikuwa na haraka," fundi akamjibu, akamsogezea kiti.

Na usiku, mkewe analalamika kwamba mumewe anakoroma siku hizi kama mtu asiye na deni duniani. Hulalamika akicheka, kisha humfunika shuka.